Mzani upo, sheria ipo, lumbesa bado ipo

Lori lililopakia viazi mviringo Uporoto, Mbeya, hupimwa mara kadhaa kabla ya kufika Dar es Salaam. Litapanda mizani Makambako, litapanda tena Wenda pale Iringa, halafu Mikese na Vigwaza. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, iliyoanza kutumika nchini Machi 2019, haitaki uzito wa jumla uzidi tani 56, na anayezidisha hulipa. Kwa hiyo dereva anazijua kilo zake na mwenye lori anazijua. Mahali ambapo viazi vile havikupimwa ni shambani, mkulima alipokuwa anaviuza.

Pale kipimo ni gunia, na gunia lenyewe halina mwisho. Vijana wa kufungasha hulijaza hadi mdomoni, hulisukasuka likashiba, kisha hupanga viazi juu ya mdomo kwa duara, safu juu ya safu, na kuvifunika kwa wavu au kipande cha gunia jingine. Shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia, na kamba vinamalizia kazi. Kilemba hicho ndicho lumbesa, na humo ndani kuna debe nzima au zaidi ambayo haikutajwa wakati wa kupatana bei.

Tuchukue mfano wa hesabu. Gunia limepatanwa kwa shilingi 70,000. Likiwa la kilo 100, kilo moja imeuzwa shilingi 700. Likifungwa lumbesa likafika kilo 140, kilo hiyohiyo imeuzwa shilingi 500. Mkulima ameacha shilingi 28,000 kwenye kila gunia, na kwa magunia 30 ni shilingi 840,000. Hiyo ni ada ya mtoto, au mbolea ya msimu unaofuata.

Kila mwaka husemwa kwamba dawa ni kumwelimisha mkulima. Sikubaliani na kauli hiyo. Mkulima wa Isangati au Makete anajua fika kwamba anapunjwa, tena anajua kwa debe ngapi. Akikataa, dalali anawasha pikipiki na kwenda kijiji cha pili, na viazi vilivyokwisha kuchimbwa havisubiri. Teknolojia nayo haikukosekana, maana mzani wa kidijitali wa kuning'iniza kikundi cha wakulima kinaweza kuumudu. Wala sheria haikukosekana: Sheria ya Vipimo, Sura 340, pamoja na kanuni zake, inataka kifungashio cha mazao kisizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo upo tangu 2002.

Kinachoikinga lumbesa ni namna watu wote katikati wanavyolipwa. Mfungashaji analipwa kwa gunia. Mpakiaji, kwa gunia. Nauli ya lori, mara nyingi ni kwa gunia, na kamisheni ya dalali wa sokoni ni hivyohivyo. Mnunuzi mwenye kilo 7,000 akizifunga katika magunia 50 badala ya 70, ameokoa malipo ya magunia 20 katika kila hatua. Kuli ndiye anayebeba tofauti hiyo mgongoni, na kazi hii inamaliza viuno vya vijana wetu.

Halmashauri zenyewe zimo katika mnyororo huo. Kisheria ushuru wa mazao ni asilimia ya thamani. Mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Lakini kwenye geti la ushuru kilicho rahisi ni kuhesabu magunia na kubonyeza mashine ya kukatia risiti, kiasi fulani kwa kila gunia. Hapo serikali hiyohiyo inayokataza lumbesa inampunguzia ushuru anayeifunga. Mashine ile ni ya kisasa, ila imefundishwa kuhesabu kwa utaratibu wa zamani.

Angalia chai, zao la milima hiihii. Rungwe na Mufindi, jani bichi linapimwa kwa kilo mbele ya mkulima na kilo zinaandikwa kwenye karatasi yake. Mkulima mwenye chai na viazi hapunjwi kwa kilemba upande wa chai. Kiwanda kinalipa kwa kilo, bei inatangazwa kwa kilo, vitabu vya ushirika ni vya kilo, na kila mmoja katika mnyororo anaingia hasara uzito ukikosewa. Mzani ulikuta utaratibu wa kazi na kanuni vinavyouhitaji, na vyote vimekua pamoja.

Kuna hasara nyingine ambayo haizungumzwi vya kutosha. Wizara inayosimamia biashara hutoa bei za jumla za mazao kwa gunia la kilo 100. Mkulima anaipata bei ile kwenye simu, anailinganisha na bei ya gunia lake la kilo 140, na ulinganisho huo unampotosha. Taarifa za soko, mkopo wa benki, bima, hata makisio ya mavuno kwa eka, vyote vinategemea kilo.

Kwa hiyo pa kuanzia ni kwenye sheria ndogo za halmashauri: ushuru wa viazi ukokotolewe kwa thamani ya kilo, siyo kwa idadi ya magunia, na mashine za getini zipangwe upya kufuata hivyo. Halmashauri moja ikifanya peke yake, wanunuzi watahamia kwa jirani, hivyo Mbeya, Njombe na Iringa ziamue kwa msimu mmoja. Vijiji vitenge vituo vya kukusanyia mazao, viwe na mzani wenye stika ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huo, na malipo ya wafungashaji na wapakiaji yapatanwe kwa kilo hapohapo. Mifuko ya kilo 50 ingefaa zaidi kwa migongo ya watu, na ni vigumu kuificha lumbesa pale mzani ulipo.

Mkulima unayeuza msimu huu kabla hayo hayajafanyika, patana bei ya kilo kwanza. Mzani usome sifuri kabla ya kutundika gunia, simama mahali unapoweza kuisoma namba mwenyewe, na uandike kilo za kila gunia kwenye daftari lako, siyo la dalali.