Mzee anayesema "sijasahau kitu" hadanganyi

Kila ikikaribia Septemba 21, Siku ya Alzheimer Duniani, malalamiko yanayofika kliniki hapa Tabora ni yaleyale: mzee amekuwa mwongo. Amekula ugali saa saba; saa nane anawatangazia majirani wa Ng'ambo kwamba mkamwana wake anamshindisha njaa. Akikumbushwa, anawaka.

Hadanganyi. Alzheimer, aina ya dimenshia (ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu na akili) inayoongoza kwa wagonjwa, huanza kwa kuharibu uwezo wa kuhifadhi mambo mapya. Ndiyo maana mstaafu wa reli asiyejua kama amekula atakutajia stesheni za Usoke, Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza, kwa mpangilio wake. Ugonjwa ukigusa sehemu za ubongo zinazomwezesha mtu kujikagua, hajui tena kwamba anasahau. Hali hiyo huitwa anosognosia, jina alilolitoa daktari Mfaransa Joseph Babinski mwaka 1914 kwa wagonjwa waliopooza upande mmoja wasijue kama wamepooza. Si wote wako hivyo: wengine, hasa mwanzoni, wanajua na wanaficha kwa hofu. Mwingine atakubali kwamba magoti yanauma, ila kumbukumbu yake haitaki kuguswa.

Kwa hiyo acheni ile mitihani ya "mimi nani? leo siku gani?" mbele ya wageni. Akisema hajala, mpeni uji.

Aje kliniki na mtu anayeishi naye, si kijana aliyeshuka jana na basi la Dar. Mzee akijieleza peke yake atasema yuko salama, na ataaminika. Anzieni zahanati au kituo cha afya, mpewe barua ya rufaa. Bebeni dawa zake zote, za miti shamba pia. Kwa msamaha wa matibabu wa wazee wa miaka 60 na zaidi wasiojiweza, pitieni kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, kisha ustawi wa jamii. Tutapima damu, kwa kuwa upungufu wa vitamini B12, matatizo ya tezi ya shingo na kaswende navyo huleta usahaulifu, na vina tiba.

Na kama mzee ameuzishwa kiwanja: chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano na mtu ambaye wakati huo hana akili timamu ni batili, hata kama aliweka dole gumba na kuapa mbele ya mashahidi kwamba yuko sawa.

Na bibi aliyekutwa usiku kwenye ua wa watu amepotea njia, si mchawi. Mara ngapi tuseme? Kumtangaza mtu mtaani kuwa mchawi ni kosa chini ya Sheria ya Uchawi, Sura ya 18. Mrudisheni kwao, mkimwona yuko hatarini mwiteni mtendaji au polisi, si mganga.