Vipimo vitatu vya uvimbe wa titi maana yake nini hasa

Mgonjwa akikaa tu akasema "dokta nimeshika kitu kwenye titi", kuna majibu mawili mabovu yanayowahi kutoka. La kwanza "we bado binti mdogo, hizo ni homoni tu", la pili halina hata maneno, uso wa daktari unabadilika kabla hajagusa kitu. Yote ni kubahatisha. Jibu la kweli ni vipimo vitatu, na wengi wakisikia hivyo wanadhani unachagua kimoja kati ya vitatu, hapana, vinasomwa kwa pamoja na majibu yake yanatakiwa yakubaliane.

Cha kwanza ni maswali na mikono. Umeushika lini, unabadilika ukikaribia hedhi au uko vilevile, chuchu inatoa damu au majimaji, mama, dada au shangazi amewahi kuumwa kansa ya titi au ya ovari. Halafu mgonjwa aonyeshe kwa kidole chake mwenyewe ulipo (wengine wanaruka hapa, sijui kwanini), ndo daktari apime matiti yote mawili pamoja na makwapa na juu ya mtulinga. Uvimbe mgumu usio na kingo za kueleweka, usiosogea, ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyozama ndani wakati zamani haikuwa hivyo, hapo hamna kusubiri. Na kutouma sio dalili nzuri jamani, kansa nyingi za titi mwanzoni haziumi kabisa.

Cha pili picha. Chini ya miaka 30 kwa kawaida wanaanza na ultrasaundi maana titi la kijana limeshonana na mamogramu (eksirei ya titi) haioni vizuri ndani, kuanzia 40 ni mamogramu na mara nyingi ultrasaundi juu yake, hapo katikati daktari anaangalia mwenyewe. Ila mamogramu ikija safi na uvimbe bado unashikika, kazi haijaisha! Kuna kansa ambazo mamogramu haizioni, na hapa ndo watu wanarudishwa nyumbani na karatasi nzuri mkononi.

Cha tatu sindano, yaani biopsi. Unapigwa ganzi, sindano nene inachukua vipande vidogo vya nyama vinaenda maabara, ile nyembamba inavuta seli tu kwahiyo inaeleza machache zaidi. Sio kila mtu anafika huku, mfano ultrasaundi ikionyesha kifuko cha maji tupu kisicho na kitu ndani, biopsi ya nini. Ile hofu isiyo na msingi kwamba ukichomwa sindano kansa inasambaa mwili mzima ndo inayofanya watu wakae na uvimbe miezi na miezi.

Sasa kukubaliana. Mkono, picha na maabara vyote vikisema sio kansa, uwezekano wa kuwa kansa ni mdogo sana na mgonjwa anaweza kuambiwa hivyo bila kupepesa macho. Kimoja kikipinga unafuata kinachopinga, tuseme maabara imesema salama lakini picha inatisha, basi huenda sindano ilikosa pale penyewe na biopsi inarudiwa.

Wakati haya yanaendelea mgonjwa aambiwe ukweli kwamba uvimbe mwingi wa titi sio kansa, ila wa kwake haujajulikana bado, na aondoke na tarehe ya kipimo kinachofuata, sio "ukiona unakua urudi". Mpango wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka tangu siku mgonjwa anapofika hadi majibu kamili zisipite siku 60.

Anayenyonyesha naye asiishie kuambiwa maziwa yameganda, uvimbe usipopungua ndani ya wiki moja mbili apimwe hivihivi. Na wanaume pia, ni kama 1 kati ya kila wagonjwa 100 wa kansa ya titi, wengi wanachelewa kwasababu hakuna aliyewahi kuwaambia na wao wanaipata.