Kushirikishana data za afya: maana yake kwa vituo vya vijijini

Kushirikishana data za afya ni utaratibu ambao vituo kadhaa vya matibabu hukubaliana kuweka pamoja kumbukumbu za wagonjwa wao, kwa masharti yanayojulikana, ili kujibu maswali ambayo kituo kimoja hakiyawezi.

Nchini Uganda vituo vingi huandika wagonjwa kwenye rejista, lile daftari kubwa la mezani. Mwezi ukiisha, wahudumu huhesabu mistari, hujaza HMIS 105, fomu ya ripoti ya kila mwezi, na jumla hizo huingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa taifa wa kompyuta wa takwimu za afya. Wengi hudhani kazi imeishia hapo. Kwa mtafiti, bado. Fomu hueleza malaria imetibiwa mara ngapi, lakini haielezi ni nani aliyerudi.

Chukua mtoto wa Koboko, wilaya ya kaskazini-magharibi mwa Uganda, aliyepewa dawa ya malaria kwenye kituo cha daraja la pili. Wiki mbili baadaye homa inamrudia. Pale dawa zimekwisha, kwa hiyo mama anambeba hadi kituo cha daraja la tatu, kilicho kikubwa zaidi. Kwenye hesabu za wilaya hao ni wagonjwa wawili. Rejista zikikutanishwa, ni mtoto mmoja ambaye huenda dawa haikumponya. Jambo hili ni zito: mwaka 2021 ulichapishwa ushahidi kwamba kaskazini mwa Uganda kuna vimelea vya malaria vilivyoanza kuihimili artemisinini, dawa kuu ya kutibu malaria.

Penye ugumu hasa ni faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee, na utafiti wenyewe sharti upite kwenye kamati ya maadili. Lakini kufuta jina tu hakumfichi mtu kijijini. Ukiandika "mwanamke, miaka 43, mwalimu, anatumia ARV" (dawa za VVU) na kutaja kijiji, jirani yeyote atamtambua kabla hajamaliza kusoma mstari. Ndiyo maana umri huandikwa kwa makundi, kijiji hubadilishwa kuwa parishi (eneo la utawala lenye vijiji kadhaa) au wilaya, kazi ya mtu huachwa kabisa, na kila mgonjwa hupewa namba ya siri. Orodha inayounganisha namba na majina hufungiwa, na mtafiti haioni. Mimi ningeongeza kwamba mgonjwa aelezwe haya kwa lugha anayoielewa, iwe Kilugbara, Kikakwa au Kiswahili, na akikataa, atibiwe vilevile kama wengine.

Makubaliano ya maandishi hutaja nani ataona nini, kwa muda gani, na data zitafutwa lini. Yasipotaja matokeo yatarudi lini vituoni, mimi nayahesabu hayajakamilika. Muuguzi aliyekaa hadi jioni akinakili mistari ya rejista anahitaji kujua homa inawarudia watoto wa umri gani, tena ajue mapema, kabla mvua zinazofuata hazijaanza.