Kumuuliza mtu kuhusu kujiua hakumpi wazo hilo

Wengi huamini kwamba ukimuuliza mtu mwenye majonzi kama anafikiria kujiua, utamtia wazo ambalo hakuwa nalo. Hofu hiyo hutokana na upendo, na huwashika hata ndugu wa karibu.

Tafiti za miaka mingi, kwa vijana na watu wazima, hazijaonyesha kwamba swali hilo huzidisha mawazo hayo. Baadhi zimeonyesha yakipungua kidogo.

Linaloweza kuumiza ni namna ya kuuliza. Aliyewahi kubakwa, kupigwa au kukimbia vita huenda mwili wake ukabaki macho muda wote. Sauti kali au mlango uliofungwa huweza kumrudisha kwenye tukio hilo. Ndiyo maana mshauri nasaha aliyefunzwa kuhusu kiwewe, yaani jeraha la moyo linalobaki baada ya tukio la kutisha, hueleza kwanza kwa nini anauliza, huomba ridhaa, wala hamlazimishi kusimulia yaliyompata. Usalama wa leo hutangulia: hupanga pamoja dalili zipi ni za hatari, nani apigiwe simu, na vitu vya kudhuru viwekwe wapi mbali naye. Kwa maoni yangu, mpango huo ndio unaosahaulika mno.

Ukitaka kuhakiki haya, muulize muuguzi wa kituo cha afya, au tazama kama maelezo uliyosoma yanatokana na tafiti nyingi zilizojumlishwa au kisa kimoja tu.

Na ukiuliza, tumia maneno ya wazi: "Je, umekuwa ukifikiria kujiua?" Akijibu ndiyo, kaa naye, msikilize, kisha mtafuteni mhudumu wa afya pamoja. Hatari ikiwa ya sasa hivi, usimwache peke yake. Nendeni hospitali iliyo karibu.