Barometa haisomi mvua
Wengi huamini kwamba mshale wa barometa ukigusa neno "Mvua", basi itanyesha. Ni rahisi kuamini hivyo, maana neno limechapwa papo hapo. Lakini kifaa hupima mgandamizo wa hewa tu, nao hupungua kwa takribani hektopaskali (kizio cha mgandamizo) 1 kila unapopanda mita 8 kutoka usawa wa bahari. Kikiwa mlimani bila kurekebishwa, kitaonyesha mgandamizo mdogo, yaani dhoruba, hata jua likiwaka!

Katika majira ya baridi yenye tufani, mimi hutazama zaidi kasi ya badiliko. Mgandamizo ukishuka hektopaskali 6 ndani ya saa 3, huenda upepo mkali uko njiani. Andika vipimo kwa mwezi mmoja, pima na mvua, kisha linganisha.