Ukifika kwenye Garratt, inama kwanza

Wageni wengi wa Makumbusho ya Reli ya Nairobi hupiga picha mbele ya injini kubwa kuliko zote, kisha mbio kulitafuta behewa la simba. Siwalaumu. Behewa lenyewe lipo, lile ambamo Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, alichukuliwa na simba akiwa usingizini pale Kima mwaka 1900. Hata mimi kisa hicho hunivutia, ila kwa jicho la fundi: inasimuliwa kwamba simba alipopanda, behewa likalalia upande, na mlango wa kuteleza ukajifunga nyuma yake. Haya, tuliache hilo.

Mimi ni fundi wa injini za treni za dizeli, na kinachonirudisha pale kila mara ni Garratt za klasi ya 59, injini kubwa za mvuke za zamani. Ziko mbili, namba 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Ukishangaa kwa nini injini zilizoko Nairobi zina majina ya milima ya Tanzania, moja wa karibu na Ziwa Natron na mwingine wa Upareni, kumbuka kwamba zamani reli ilikuwa moja ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Klasi nzima ilikuwa na injini 34, zilizotoka kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester mwaka 1955 na 1956, na zote zilibatizwa majina ya milima ya huku kwetu.

Safari iliyopita nilimpeleka mpwa wangu wa miaka tisa. Akaitembelea Mount Gelai toka ncha hadi ncha, zaidi ya mita 30, akarudi amekunja uso. "Mjomba, mbona hii ina miguu mbele na nyuma, katikati hakuna kitu?"

Alikuwa ameuona mtambo wote kwa swali moja.

Kutoka Mombasa hadi Nairobi reli ya zamani inapanda toka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,600, na njia yenyewe ni nyembamba, mita moja kati ya reli na reli, imejaa kona. Treni nzito inataka injini yenye nguvu, na nguvu inataka boila nono, yaani tangi la kuchemshia maji yawe mvuke. Kwenye injini ya kawaida boila hukaa juu ya magurudumu, kwa hiyo ukilinenepesha linagongana nayo, ukilirefusha injini haikati kona. Ukiongeza uzito bila kuongeza ekseli, reli inalemewa.

Herbert Garratt, mhandisi Mwingereza, alilitatua jambo hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Alichukua chesisi mbili, kila moja na silinda zake na magurudumu yake, akaziweka zikiwa zimeachana, halafu boila akalilaza katikati kama machela kati ya wabebaji wawili. Chini ya boila hakuna gurudumu, basi linaweza kunenepa na tanuri likashuka chini litakavyo. Kwenye kona kila mbebaji anageuka kivyake. Klasi ya 59 ina uzito wa tani 252 hivi, lakini umegawanywa kwa ekseli 14, nane kati yake ndizo zinazosukuma. Kwenye mlima wa asilimia 1.5, yaani unaopanda mita 1.5 kila mita 100, ilivuta tani 1,200.

Ila ina dosari, na waongozaji wa makumbusho husahau kuitaja. Mbele ni tangi la maji, nyuma ni mafuta mazito, na matangi hayo yamekaa juu ya magurudumu yanayosukuma. Kadiri safari inavyosonga matangi yanakwisha, uzito unapungua, na magurudumu yanaanza kuteleza.

Panda pia chumba cha dereva. Usitafute koleo la makaa, kwa sababu hizi zilichoma mafuta. Mchochea moto alikuwa mtu wa vali: mafuta kidogo, mvuke wa kuyapuliza, jicho kwenye moshi. Kwenye injini za mafuta mirija ya boila ikijaa masizi, dawa yake ilikuwa mchanga. Unarushwa tanurini wakati injini inavuta kwa nguvu, unapita na hewa ya moto na kuikwangua mirija kwa ndani. Bomba la moshi linatoa wingu jeusi tii; ole wake aliyeanika nguo karibu.

Kabla ya kuondoka nilimwambia mpwa wangu ainame pale chesisi ya mbele inapokutana na fremu ya boila. Hapo ndipo kiungo kilipo, na karibu yake bomba la mvuke lenye maungio ya kuzunguka, maana mvuke lazima upite hata injini ikiwa imejikunja. Akaingiza kidole, akakitoa kimepakaa grisi iliyokauka hadi ikawa kama lami. Akainusa. Kisha akajifutia kwenye gauni jeupe ambalo mama yake alilipiga pasi asubuhi ile, na simu ikaanza kulia.