Kusomea Uuguzi Mtandaoni: Dhana Zilizotuchosha na Ukweli Wake

Kila dirisha la udahili linapofunguliwa, sisi wakufunzi wa uuguzi hupokea ujumbe wa aina moja, aghalabu kutoka kwa kijana aliyemaliza kidato cha nne au kwa mzazi wake. Wamepata chuo cha nje kinachofundisha uuguzi kwa njia ya mtandao mwanzo hadi mwisho, ada yake ni nafuu, na wanataka tuwathibitishie kwamba mtoto akihitimu atapata leseni. Hatapata. Kwa kuwa jibu hilo fupi halimridhishi mtu, nalieleza hapa kwa kirefu, kisha nitagusia dhana nyingine zinazofuatana nalo.

"Mtu anaweza kuwa muuguzi kwa kusoma mtandaoni tu"

Kwa Tanzania, anayempa mtu ruhusa ya kumhudumia mgonjwa si chuo, bali ni Baraza la Uuguzi na Ukunga, kwa mujibu wa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Baraza haliangalii cheti peke yake; linataka kujua kimetolewa na chuo gani, kwa mtaala upi, na kama mwenye cheti alipitia mafunzo ya vitendo. Astashahada na stashahada zinapaswa kutoka katika chuo kinachotambuliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, na shahada ya nje ya nchi lazima ipite TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ili itambuliwe kwanza. Chuo ambacho hakina hospitali ya kukupeleka hakikusogezi hata hatua moja katika safari hiyo, hata kama tovuti yake imejaa picha za vijana waliovaa sare nyeupe.

Hapo ndipo ninapojibiwa kwamba Ulaya na Marekani watu wanasoma hivyo. Hawasomi hivyo. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, chenye sifa ya miaka mingi katika elimu ya masafa, kinafundisha uuguzi, lakini mwanafunzi wake anabanwa na masharti yaleyale yanayombana mwanafunzi wa chuo kingine chochote nchini humo: saa 4,600 za mafunzo, na nusu yake, yaani saa 2,300, ni za vitendo. Katika hizo za vitendo, mamlaka ya huko inaruhusu saa zisizozidi 600 zifanyike kwa mazoezi ya kuigiza. Zilizobaki ni za wagonjwa halisi na wasimamizi halisi. Marekani nako mwanafunzi anaweza kusoma nadharia akiwa sebuleni kwake, lakini kabla ya kuufikia mtihani wa leseni, NCLEX, lazima awe amefanya mazoezi ya ana kwa ana. Kinachotangazwa kama uuguzi wa mtandaoni, kikiwa halali, maana yake ni nadharia ya mtandaoni.

Sababu yake si ukaidi wa wazee wa taaluma. Chukua hatua ya tatu ya uchungu, ile ya kutoka kwa kondo la nyuma. Nadharia yake inaenea kwenye simu bila taabu: hakikisha hakuna mtoto mwingine tumboni, choma oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, yuniti 10 kwenye msuli ndani ya dakika moja baada ya mtoto kuzaliwa, toa kondo kwa utaratibu huku mkono mmoja ukiuzuia mfuko wa uzazi, kisha papasa tumbo uone kama mfuko umejikaza. Mwanafunzi anaweza kuyakariri hayo akiwa kitandani kwake Kahama na akapata alama zote. Lakini kujikaza ni kupi? Wodini mkufunzi huushika mkono wa mwanafunzi, akauweka karibu na kitovu cha mama, akamwacha aguse mwenyewe. Mfuko uliojikaza ni mgumu na wa mviringo kama balungi. Uliolegea unautafuta kwa vidole usiupate, na muda wote huo damu inaendelea kutoka na kunywewa na khanga zilizotandikwa chini ya mama, mahali ambapo jicho lisilozoea hukadiria pungufu kila mara. Mililita 500 zikishatoka, tayari tunaita hiyo ni hatari, na kutokwa damu baada ya kujifungua ndiko kunakoongoza kuua akina mama wanaojifungua duniani. Hakuna video inayoweza kuufundisha mkono huo.

Wapo pia wanaodhani kwamba ukifaulu mtihani, njia uliyopitia si kitu. Januari 2023 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 kuhusu vyeti bandia vya uuguzi vipatavyo 7,600, vilivyotolewa kwa majina ya vyuo vitatu vya kusini mwa Florida. Kisa hicho hakikuhusu masomo ya mtandaoni, lakini nakitaja kwa sababu baadhi ya walionunua vyeti hivyo walifaulu NCLEX, wakapata leseni na kuajiriwa, kabla ya majimbo kuanza kuwafuatilia. Mtihani hupima kama unajua. Haujawahi kupima kama uliwahi kumgusa mgonjwa.

"Shahada iliyosomwa kwa masafa ni ya daraja la chini"

Hapa nahamia upande wa pili, kwa sababu hoja yote niliyoitoa inamhusu asiye na leseni. Muuguzi aliyesajiliwa, mwenye miaka yake wodini, anayetaka kutoka astashahada kwenda stashahada au kutoka stashahada kwenda shahada, wagonjwa anao tayari. Anachohitaji ni nadharia pana zaidi na mtu wa kumsimamia. Huyo mtandao unamfaa, na wakati mwingine unamfaa kuliko bweni. Jirani zetu Kenya waliliona hilo mapema: mwaka 2005 Amref, kwa kushirikiana na Baraza la Wauguzi la nchi hiyo, ilianzisha mafunzo ya kielektroniki ya kuwapandisha wauguzi wa ngazi ya cheti hadi stashahada wakiwa kazini, kwa kuwa madarasa yaliyokuwapo yasingeweza kuwamaliza kwa miaka mingi. Zahanati yenye muuguzi mmoja haiwezi kumwachia aende chuoni miaka miwili.

Anayefikiria kwenda nje aangalie mapema. Nchi za Ghuba hupeleka vyeti kuhakikiwa moja kwa moja na chuo kilichovitoa, kwa kawaida kupitia DataFlow, kampuni ya kuhakiki vyeti, na wanaotathmini vyeti kwa ajili ya Marekani huchambua saa za nadharia na za vitendo kwa kila somo. Chuo kikishindwa kujibu barua zao, umekwama, uwe ulisoma darasani au kwenye simu.

"Mtandaoni ni rahisi na bei chee"

Si rahisi, na bei yake hutegemea unahesabu nini. Kuna bando, kuna kompyuta, kuna nauli na malazi ya vikao vya ana kwa ana na vya mitihani, na kuna kazi ya kuandika zoezi asubuhi baada ya zamu ya usiku. Wengi wanaoacha njiani wana akili za kutosha. Walichokosa ni ratiba iliyokubaliwa na msimamizi wao wa kazi kabla ya kujiandikisha.

Vyeti vya kozi fupi za mtandaoni, hata vikiwa na nembo ya chuo kikuu maarufu, vinakusaidia katika mafunzo endelevu. Havikupandishi ngazi.

"Ukisoma chuo cha bweni, umeshamaliza"

Hapana, na hili nalisema nikiwa mtu wa chuo cha bweni. Vipo vyuo vyenye majengo mazuri ambavyo wanafunzi wake hujazana wodini hadi wa nyuma hawamwoni mgonjwa, na vitabu vyao vya mazoezi husainiwa kwa mkupuo siku ya mwisho wa mzunguko na mtu asiyekumbuka nani alifanya nini. Nimekuwa nikiwasumbua wanafunzi wangu kwa jambo moja: kila kazi isainiwe siku ileile na aliyekuona ukiifanya, na kila ukurasa uliosainiwa upigwe picha, kwa sababu kitabu hupotea, huloa, au msimamizi huhamishwa.

Kwa hiyo kabla ya kulipa chochote, kokote, uliza utafanya mazoezi hospitali gani, mtakuwa wanafunzi wangapi kwa zamu, na nani atakusainia; kisha thibitisha jina la chuo na la programu kwenye orodha za NACTVET, TCU na Baraza. Wakikujibu kwamba mambo ya hospitali yatapangwa baadaye, usinunue hata fomu.